Shimo Lililo Nyuma ya Kanisa

Wengine mko jikoni mkichemsha chai, wengine mko njiani kwenda kazini, na wengine mmelala kitandani kwa ugonjwa. Asubuhi hii tuna neno juu ya shimo. Si shimo la mfano, kama yale tuyatajayo katika mahubiri. Ni shimo lenyewe, lenye mawe na maji, ambalo tulilichimba kwa mikono yetu nyuma ya kanisa letu.

Sisi ni ushirika mdogo wa pwani, kaskazini ya Mombasa. Aijuaye nchi yetu ajua kwamba ukichimba kidogo tu chini ya majani wakuta jiwe. Ni jiwe la matumbawe, na ndilo lijengalo nyumba zetu. Mahali pa kulikata twapaita timbo. Basi mwaka 2011, tulipotaka kujenga kanisa la kudumu badala ya lile la makuti, wazee wa kanisa walikaa wakapiga hesabu. Wakaona kwamba kununua mawe na kulipa lori ni gharama kubwa, na kumbe jiwe tunalo chini ya miguu yetu, katika kiwanja chetu wenyewe. Tukamshukuru Mungu kwa riziki hiyo. Vijana walikata, akina mama walibeba, na kwa miaka 3 tukajenga. Mwaka 2014 tukaezeka mabati, wageni wakaja, kwaya zikaimba mpaka jioni, na ng'ombe wawili wakachinjwa.

Shimo lilibaki. Urefu wake ulikuwa hatua 40, upana hatua 25, na kwenda chini kimo cha watu wawili. Siku ile ya sherehe hakuna aliyelitaja. Lilikuwa nyuma, na wageni waliingia kwa mbele.

Kwa miaka 4 tulilifanya jalala. Mvua zikinyesha lilijaa maji, na mbu wake walitusumbua katika ibada za jioni. Upande mmoja tuliweka miiba. Twasema upande mmoja kwa sababu ndiyo kweli: upande wa kanisa, ili watoto wa shule ya Jumapili wasikaribie. Upande wa pili ni njia ya majirani, na hatukuweka kitu.

Masika ya mwaka 2018 yalikuwa makubwa, kama mnavyokumbuka, maana sehemu nyingi za Kenya zilifurika. Siku moja mtoto wa kiume wa jirani yetu, mwenye umri wa miaka 7, alimfuata mbuzi wao aliyeteleza kandokando ya shimo. Mbuzi alitoka. Mtoto hakutoka.

Tulikwenda kutoa pole. Mama yule si mshirika wetu. Yeye ni Mwislamu, na mazishi yalikuwa yamekwisha fanyika siku ileile. Mchungaji alisema maneno ambayo sisi sote huyasema katika misiba, kwamba Mungu alitoa na Mungu ametwaa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mchungaji, mawe mmeyachukua ninyi. Shimo mkaniachia mimi." Hakusema kwa sauti kubwa. Tulitoka pale, na njia nzima hakuna aliyesema neno.

Wiki ile wazee wa kanisa walikutana. Mzee mmoja alisema kwamba kiwanja ni chetu, hati tunayo, na mtoto aliingia pasipo ruhusa. Hatutaki kusema uongo redioni, wapendwa: wengi wetu tulitamani kukubaliana naye. Lakini mchungaji alifungua Kutoka, sura ya 21, mstari wa 33 na wa 34. Pale sheria ya Musa yamtaja mtu ambaye amefungua shimo, au amechimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda wa mtu mwingine akatumbukia ndani. Sheria haiulizi kama ng'ombe alipewa ruhusa kupita. Yasema kwamba mwenye shimo hana budi kulipa. Ikiwa Mungu alijali punda namna hiyo! Yule mzee aliinama. Baadaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta jembe, na twataka mjue hivyo.

Lakini kulipa kwa namna gani? Kwanza tulifikiri kulijaza. Fundi mmoja akapiga hesabu ya malori ya udongo, nasi tukanyamaza, kwa maana fedha hizo hatujapata kuziona. Tena bibi mmoja mzee wa Umoja wa Akina Mama akauliza swali ambalo mafundi hawakuliuliza: udongo huo utatoka wapi? Akatuonyesha kwamba ili kuliziba shimo letu tungechimba shimo jingine kwa watu wengine. Ndipo tulipoamua kupanda miti humohumo.

Tulipanda wakati wa vuli mwaka ule wa 2018. Tulifanya makosa ambayo twadhani makanisa mengi huyafanya. Tulimwalika mgeni wa heshima, tukapiga picha, tukapanda michungwa na miembe kwa sababu ndiyo miti tuipendayo. Tulitoboa vijishimo katika jiwe, tukatia ndoo moja ya udongo katika kila kimoja. Kufikia Februari miche yote ilikuwa imekauka isipokuwa mwembe mmoja, nao mbuzi waliula.

Hapo, ndugu zangu, tuliona aibu ya pili. Ndipo kijana mmoja wa kwaya aliposema, "Mbona twahangaika, na Bamburi pako pale?" Kweli, sisi sote tulikuwa tumepita Bamburi mara nyingi katika njia ya Malindi, na watoto wetu walikwenda pale na shule zao kutazama viboko na twiga. Lakini hatukuwahi kuuliza kwamba mahali pale palikuwa nini hapo kwanza. Mwaka 2019 tulikodi matatu, tukaenda watu 14, si kutazama wanyama bali kutazama chini.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954. Saruji hutokana na jiwe hilihili letu la matumbawe. Na matumbawe ni nini? Ni mifupa ya vijidudu vya baharini, vilivyojenga mwamba wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Wataalamu wa miamba wasema kwamba hiyo ni zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Jiwe lilipochimbwa kwa miaka mingi, uliachwa uwanda mpana mweupe usio na udongo wala kivuli. Jua likipiga juu, jiwe lalirudisha kama kikaango. Maji yako karibu chini yake, lakini yana chumvi. Nabii Ezekieli alipochukuliwa mpaka bonde lililojaa mifupa mikavu, akaulizwa kama mifupa hiyo yaweza kuishi, hakujibu ndiyo wala hapana. Alisema kwamba Bwana ndiye ajuaye. Nasi tukisimama juu ya mifupa ile ya bahari tulimwelewa.

Mwaka 1971 kazi ya kuirudisha ardhi ile ilianza chini ya Bwana René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, ambaye alikuwa na kampuni ile toka mwaka 1959. Yeye naye hakujua mti gani utakubali. Akajaribu aina 26. Tulipolisikia jambo hilo tulitazamana, kwa maana sisi tulijaribu aina 2 tukakata tamaa. Katika aina zile 26, zilizosalia hai zilikuwa 3: mnazi, mti uitwao damas wa pande za Somalia, na mvinje.

Mvinje mnaujua. Ni ule mti wa ufukweni wenye majani membamba kama sindano, uvumao kama bahari ukipigwa na upepo. Hauogopi chumvi. Na katika mizizi yake mna vifundo vidogo ambamo vijidudu visivyoonekana kwa macho hukaa, navyo huitwaa naitrojeni iliyo hewani, yaani ile mbolea ambayo mkulima hununua kwa mfuko. Ndiyo sababu waweza kuishi juu ya jiwe. Lakini vijidudu vile haviji vyenyewe mahali palipo pakavu. Mpandaji mwenye akili huchukua udongo kidogo kutoka chini ya mivinje mizee akauchanganya na udongo wa miche yake, kama vile mama achukuavyo maziwa ya jana kugandisha ya leo. Hayo ndiyo tuliyokuwa hatuyajui.

Basi mivinje ilisimama, ikawa mirefu, na mtu apitaye barabarani angesema kazi imekwisha. Haikwisha. Sindano zile zilianguka zikajilundika juu ya jiwe, wala hazikuoza, kwa sababu zina dawa kali ndani yake, ileile itumikayo kulainishia ngozi. Kulikuwa na miti, lakini chini yake hapakuwa na udongo. Nasi tulikumbuka tena Ezekieli, kwamba mifupa ilipokwisha kushikana, ikatiwa mishipa na nyama na ngozi, bado haikuwa na pumzi.

Sasa sikilizeni kilicholeta pumzi pale. Ni jongoo. Ndiyo, jongoo huyu mweusi mwenye miguu myekundu, ambaye akiingia nyumbani akina mama hupiga kelele. Bwana Haller alimwona jongoo akizila sindano za mvinje, akaleta jongoo wengi akawaachilia katika timbo. Wao walikula, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo mweusi. Wahenga walituambia tumtupe jongoo na mti wake. Pale Bamburi walimtafuta jongoo wakamletea na mti wake! Tuliinama tukafukua kwa vidole chini ya miti, tukaona udongo wenye harufu ya msitu, mahali ambapo zamani palikuwa jiwe tupu. Bibi yetu mzee aliuchukua kidogo akaufunga katika leso. Hatukumwuliza kwa nini.

Udongo ulipopatikana, miti mingine ilifuata, kisha ndege, kisha wanyama walioletwa. Mabwawa yalifugwa samaki. Mivinje mingine ilikatwa ikawa nguzo na kuni, nayo ikawaachia nafasi miti ya asili. Mwaka 1984 watu wote walifunguliwa njia ya kuingia na kutembea, na mwaka 1999 bustani ile iliitwa kwa jina la Haller. Watoto wengi wapajua kwa sababu ya kiboko mchanga aliyeokolewa pwani ya Malindi mwezi wa Desemba 2004, wakati wa mawimbi yale makubwa ya tsunami, akaletwa pale akafanya urafiki na kobe mkubwa aitwaye Mzee. Hiyo ni habari tamu, na hatuwalaumu watoto. Ila sisi twaona kwamba jongoo alistahili kupigwa picha zaidi.

Mtu atasema, kampuni kubwa ina fedha na wataalamu, sisi tuna nini? Twakubali. Tena sisi hatuna haki ya kukinyoshea kidole kiwanda cho chote, kwa sababu nguzo za kanisa letu ni saruji, na lenta juu ya milango ni saruji. Kila mfuko uliofunguliwa pale ulitoka katika shimo la mahali fulani. Kwa hiyo sisi tuna mashimo mawili: moja twaliona tukifungua dirisha la nyuma, na jingine hatulioni.

Siku hizi sheria imekuwa kali zaidi. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yamtaka mwenye leseni ya kuchimba aonyeshe mapema jinsi atakavyoirudisha ardhi, na kuweka dhamana ya fedha kwa ajili hiyo. Ni jambo jema, na waumini wakaao karibu na machimbo makubwa waulize habari za dhamana hizo. Hata hivyo, ni nani atakayekuja kukagua timbo la hatua 40 nyuma ya kanisa? Wala mashimo ya namna hii si ya pwani tu. Mnaotusikiliza kule Ndarugo na Thika mwakata mawe ya kujengea. Walio kando ya mito huzoa mchanga. Wa magharibi huchimba udongo wa matofali na kuacha vidimbwi. Twawasihi jambo moja la kazi kabla ya yote. Mnapofungua timbo, ule udongo mweusi wa juu, hata kama ni wa kina cha kiganja tu, msiutupe na kifusi. Uwekeni kando, mpande majani juu yake usichukuliwe na mvua, mje kuurudisha mtakapomaliza. Sisi tuliutupa mwaka 2011, na kuutafuta mwingine kumetugharimu miaka.

Tuliporudi kutoka Bamburi hatukupanda kitu mara moja. Kwanza tulilaza kingo. Kwa mitaimbo na nyundo tulizivunja kuta za shimo upande wa njia ya majirani mpaka zikawa mteremko, ili hata mtoto mdogo akianguka aweze kupanda na kutoka. Kazi hiyo ilichukua miezi 5, nayo haina sifa, wala hakuna mgeni wa heshima atakayekuja kwa ajili yake. Kifusi tulikitandaza chini ili maji yasituame. Tuliotesha miche ya mivinje katika makopo ya maziwa, na udongo wa ufukweni wa chini ya miti mikubwa tuliuchanganya humo.

Kisha ikaja Machi 2020, makanisa yakafungwa kwa sababu ya korona. Ilikuwa ajabu kwetu: kanisa tulilolijenga kwa mawe yale lilikuwa na kufuli, na shimo ndilo lililokuwa wazi. Mvua za masika zilipoanza, watu wawili wawili, kila mtu mbali na mwenzake, tulipanda miche 60. Kila jamaa ilipewa zamu ya kumwagilia. Jamaa nyingine walisahau zamu yao, na miche yao ilionyesha. Leo mivinje 38 imesimama, mirefu kuliko paa, na chini yake sindano zimelala nene.

Habari ya jongoo ilikuwa ngumu. Akina mama walisema wazi kwamba watabeba maji, watabeba mawe, lakini jongoo hawatambeba. Kwa hiyo kazi hiyo tuliwapa watoto wa shule ya Jumapili, kila mmoja na kopo lake. Walimu walilalamika kwamba wengine waliingia nao katika ibada. Habari zikaenea kwa majirani, na watoto ambao si wetu wakaanza kuleta makopo pia. Kati ya miti ya kwanza sasa pana udongo, si mwingi, kama unene wa kidole, na mwaka jana tuliona mche wa mkwaju ambao hakuna mtu aliyeupanda.

Yule mama hapiti njia ile. Toka mwaka 2018 huzunguka kwa mbali, upande wa minazi, hata akiwa na mzigo kichwani. Tuliwahi kumpelekea kuni za mivinje tuliyopunguza, akazipokea, akashukuru, akafunga mlango. Hatukumwomba zaidi ya hapo.

Juma lililopita binti yake mdogo, aliyezaliwa baada ya msiba, alikuja na wenzake akileta kopo. Mama alikuja kumtafuta. Alisimama juu ya ukingo, mahali ambapo hatukupata kumwona amesimama, akatazama miti, akatazama mteremko, akatazama pembe ya mashariki. Pembe ile ndiyo iliyochimbwa sana kuliko zote. Ukuta wake bado haujavunjwa, na maji yangali yanatuama pale baada ya mvua. Tumekuwa tukisema tutaimaliza mwaka ujao, na mwaka ujao ukifika twasema vivyo hivyo.

Akasema, "Pale bado."

Mchungaji akajibu, "Naam mama, pale bado."

Akamshika mtoto mkono wakaenda zao. Kopo alituachia.

Jumamosi hii tutakutana saa 1 asubuhi na mitaimbo, katika pembe ya mashariki. Mwenye nyundo nzito aje nayo, kwa maana tulizonazo ni 2 tu. Kwaherini, wapendwa, Mungu awe nanyi.